Bei ya Jina Kwenye Mtutu

Jumatatu saa nne asubuhi niliiua bastola ya marehemu baba yetu juu ya meza ya jikoni, kwa kitambaa safi, mafuta mepesi na nia njema. Niliifungua, nikasafisha kila tundu, nikairudishia kama ilivyokuwa. Halafu nikavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, maana bastola hizi za kizamani hazipigi mpaka uivute nyundo mwenyewe kila mara, nikabonyeza kifyatulio. Nyundo ikashuka nusu ya safari, ikagota. Nikarudia, ikagota tena. Nilirudia kama mara ishirini, kwa sababu mimi ni mtu wa kuamini kwamba kitu kikikataa mara kumi na tisa huenda kimechoka kukataa.

Haikuwa na risasi, nisieleweke vibaya. Nimekulia Arizona, najua kuhakikisha silinda iko tupu kabla ya kuchezea chochote. Nisichojua ni kusikia ninapoambiwa. Kaka yangu Dorsey alipoiweka mkononi mwangu wiki mbili kabla alisema maneno machache kabisa: "Piga nayo. Ifute kwa nje. Usiifungue, Vonnie, nakuomba."

Na hayo yalikuwa maneno ya thamani, kwa sababu miaka saba tulikuwa hatuongei. Wiki moja baada ya kumzika Baba niliuza gari lake la mizigo kwa mtu wa Safford bila kumuuliza Dorsey. Niliona nasafisha ua tu. Yeye alisema mbele ya mchungaji kwamba kila kitu cha Baba nikikigusa mimi kinapotea au kinavunjika. Nilimjibu neno ambalo mchungaji hajalisahau. Tangu hapo tukawa watu wa kadi ya Krismasi yenye jina tu, hata "heri" hakuna.

Kilichotupatanisha ni nyonga. Mwezi wa nne madaktari walimwekea Dorsey nyonga ya chuma, nikasikia kanisani kwamba anakula mikate mikavu, nikampelekea sufuria la nguruwe na pilipili mbichi. Alipomaliza kula akaniuliza kama ni kweli nimejiunga na klabu ya walenga shabaha, ile ya watu wazima wanaovaa kama mwaka 1880 kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na kupiga mabamba ya chuma kwa saa ya kuhesabu sekunde. Ni kweli, nikamwambia. Pale hakuna anayeitwa jina lake. Mimi nimeandikishwa kama Bibi Baruti. Dorsey, ambaye ni mwanachama wa siku nyingi, anaitwa Kifo Polepole, kwa kuwa katika miaka kumi na miwili hajawahi kumshinda mtu yeyote kwa kasi. Kanuni inataka kila mpigaji awe na bastola mbili. Moja nilikuwa nimeazimwa na klabu. Ya pili, Dorsey akainuka na fimbo zake, akafungua kabati, akanipa ya Baba.

Sasa ilikuwa imekufa, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Sitasema uongo, nililia. Sikulilia chuma.

Jumanne nikaenda Willcox kwenye duka la bunduki la Eusebio Tafoya. Bastola niliiacha nyumbani kwa makusudi. Tafoya na Dorsey hunywa kahawa pamoja kila Alhamisi, na kumwonyesha Tafoya ni sawa na kutangaza redioni.

"Karibu, Bibi Baruti! Leo tunamuua nani?"

"Nauliza bei tu," nikasema. "Nakala ya ile ya zamani, ya wapanda farasi. Mtutu wa inchi tano na nusu."

Akazipanga tatu juu ya kitambaa cha kijani. Nilizitazama mpaka macho yakauma. Rangi ile ile ya buluu iliyokolea, fremu zenye madoa ya mawingumawingu yaliyoachwa na moto, mipini ya mti wa mjozi. Ya kwanza mtutu wake umeandikwa Dos Cabras, dola mia nne themanini na tisa. Ya pili Llano Star, mia sita kumi na tano. Ya tatu Bexley & Rudd, mia nane sabini na tisa. Ya Baba ilikuwa Bexley & Rudd. Alikuwa akilitamka jina hilo kama mtu anayemtaja mkwe wake hakimu.

"Hii ya mia nane ina nini?" nikauliza.

"Ina jina, mama."

"Usinitanie, Tafoya."

"Sikutanii. Geuza hapa chini. Unaona hii alama ndogo? Na hii? Na hii? Kiwanda kimoja, Italia, bonde moja. Unga mmoja, jiko moja, mifuko mitatu. Hawa wanaochaji zaidi wanasema wanaipiga msasa zaidi kidogo. Labda. Mimi nikifumba macho sizijui."

"Kwa hiyo mtu akinunua hii ya bei ya juu ni mjinga?"

"Mjinga kwa nini? Kuna watu wanataka jina. Baba yako alikaa hapo ulipo wewe, akazitazama siku mbili nzima, akanunua jina. Akatoka amefurahi mpaka akasahau kofia." Akaniangalia. "Kwani ile yake si anayo Dorsey?"

"Anayo," nikasema haraka. "Nataka yangu."

Nilikuwa na dola mia tano na kumi, pesa za jino. Daktari wa meno wa Benson alikuwa akinisubiri mwezi ujao, na mimi nimezoea kutafuna upande wa kushoto. Nikachukua Dos Cabras. Kodi ikala kilichobaki na dola kumi na mbili za kwenye kikombe cha gari. Nikajaza fomu, Tafoya akapiga simu ya ukaguzi, tukangoja mpaka wakaturuhusu.

"Ikishatoka mlangoni hairudi," akanikumbusha, akionyesha karatasi ukutani. "Na soma kijitabu kilichomo ndani."

"Nitasoma," nikasema, kama ninavyomwambia kila mtu.

Nyumbani nikaziweka mbili sambamba. Nikaijaribu mpya: nyundo ikashuka mpaka mwisho, mlio safi. Nikaijaribu ya Baba: ikagota. Nikaanza kuzilinganisha kwa dole gumba kama kipofu. Mtutu sawa. Silinda sawa. Kitu kimoja tu kilitofautiana. Ile pini ndefu inayopita katikati ya silinda, kwa mbele, kwenye bastola mpya ilikuwa imechomoza kidogo zaidi, unene wa ukucha hivi. Ya Baba ilikuwa imekaa ndani vizuri, nadhifu. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Kumbe ndiyo hiyo tofauti ya dola mia tatu na tisini, nikajiambia. Watu wa Bexley & Rudd wanajua kumalizia kazi.

Halafu nikafanya jambo ninalolionea aibu. Mpini wa Baba una alama ya meno ya mbwa wetu wa zamani, na mbao zake zimekuwa nyeusi kwa jasho la mkono. Nikachukua bisibisi, nikautoa, nikaufunga kwenye Dos Cabras. Uliingia kama uliozaliwa nayo. Kwa nini usiingie, kiwanda si kimoja? Nikaishika. Ilikuwa bastola ya Baba kabisa, isipokuwa yale maandishi madogo kwenye mtutu, na Dorsey bila miwani hata jina lake mwenyewe halisomi. Ningeweza kumrudishia Jumapili, aiweke kabatini, na asijue mpaka siku anazikwa. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu wa kutosha kahawa kupoa.

Kisha nikaufungua ule mpini nikaurudisha ulikotoka. Gari nililiuza bila kumwambia. Sikuwa na nguvu ya kufanya hivyo mara mbili.

Jumatano mchana nilimkuta barazani, mguu juu ya ndoo, anamenya njugu. Nikaweka bastola zote mbili mezani, milango ya silinda wazi ili aone ziko tupu.

"Nimeiharibu," nikasema hata kabla ya salamu. "Uliniambia nisiifungue, nikaifungua. Nilitaka uipate ikiwa safi. Sasa nyundo haifiki. Nimenunua hii nyingine ikae mahali pake. Si jina lile lile, kaka, jina lile nimeshindwa bei. Lakini Tafoya anasema kiwanda ni kimoja. Ulisema kweli siku ile. Kila nikigusa kinavunjika."

Dorsey alifuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani, akaichukua ya Baba. Akavuta nyundo, akabonyeza. Ikagota. Uso wake ukabadilika, nikajua ndiyo basi, tumerudi kwenye kadi za Krismasi.

"Ulipoirudishia hii pini," akauliza taratibu, "uliisukuma mpaka ikalia mara moja au mara mbili?"

"Mbili. Nikajua sasa imekaa sawasawa."

Akabonyeza kitufe cha ubavuni kwa kidole, akaivuta ile pini nje unene wa ukucha. Akavuta nyundo. Akabonyeza.

Ilishuka mpaka mwisho.

"Ina mikato miwili," akasema. "Ukiisukuma mpaka wa pili, inaizuia nyundo isifike. Ni usalama huo. Hazikubaliwi kuingia nchini bila kitu cha namna hiyo. Kijitabu kimeeleza, ukurasa wa nne."

Nikakaa juu ya gunia la njugu. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na puani hali ilikuwa mbaya. Mzigo uliotoka kifuani mwangu ungeweza kujaza lile gari la Baba.

"Haijavunjika?"

"Haijavunjika, Vonnie. Hujavunja kitu."

"Sema tena."

"Hujavunja kitu, we mwanamke. Futa pua." Akaichukua Dos Cabras, akaigeuzageuza. "Hii bei gani?"

"Mia nne themanini na tisa. Pesa za jino."

"Baba alitoa mia nane. Kwa jina." Akacheka kwa pua, kama Baba. "Na wewe umenunua bastola nzima ili kutibu pini."

"Cheka tu. Wewe ulizaliwa unajua?"

Akarudi kumenya njugu, moja, mbili, tatu, akitazama mikono yake.

"Mimi mwaka ule wa kwanza baada ya Baba niliisafisha hivyo hivyo," akasema. "Ikagota. Nikaendesha hadi Tucson kwa fundi, maili themanini, nikiamini nimeiua. Akavuta pini, akanitoza dola arobaini. Nilicheka peke yangu njia nzima. Nilifika mpaka pale kituo cha mafuta nikashika simu nikupigie, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye angecheka kama wewe. Halafu nikakumbuka kwamba hatuongei."

Nikachukua njugu zilizobaki nikaanza kumenya upande wangu.

Baadaye aliziweka bastola zote mbili kwenye boksi moja, ya Baba na yangu, akalisukuma kwangu.

"Kanuni inataka mbili," akasema. "Sasa unazo. Ile ya klabu warudishie."

"Na hii ya Baba nikurudishie lini?"

"Nimekuuliza lini?" Akachukua fimbo zake, akainuka kwa shida. "Jumamosi unipitie saa moja. Nitakaa kwenye kiti nikuhesabie muda. Na usiniendeshee vibaya, nyonga hii ni mpya."