Milonge Mbele ya Dishi

Tangu biashara huria ije, kila kitu kiliingia Kilosa isipokuwa fundi wa kukitengeneza. Mwaka ule kijiji kizima cha Msowero kilikuwa na dishi moja la televisheni, nalo lilikuwa langu. Nililisimika uani, nyuma ya mgahawa wangu wa chai, nikanunua na jenereta, na kichwa kikavimba, nakiri. Ng'ombe wa Kimaren, jirani yangu mfugaji, walipita hapo kila asubuhi kwenda mtoni. Kwa kuogopa wasiligonge dishi langu, nikapanda miti ya milonge mstari mmoja mbele yake iwe uzio.

Masika ya pili picha ikaanza kukatika. Kwanza siku za mvua tu, baadaye hata jua likiwaka. Mwishowe kioo kikabaki cheusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi, na wateja wakarudi kunywea chai makwao.

Sikujiuliza mara mbili. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, Thadeo, nikasema ng'ombe wa Kimaren wamelisukuma dishi. Kimaren akaitwa ofisini, akasimama mbele za watu na fimbo yake.

"Mama Yunis, ng'ombe wangu hawajagusa kitu," alisema. "Itazame ile milonge yako. Imekuwa mirefu."

"Mmemsikia?" nikawaambia watu. "Anataka nikate uzio ili mifugo yake ipite ndani kwangu."

Watu wakacheka. Thadeo akaamua ng'ombe wazungukie nyuma ya mashamba ya mkonge, saa mbili zaidi hadi mtoni. Ng'ombe wakaondoka. Picha haikurudi.

Nikapanda gari hadi Kilosa mjini, kwenye kibanda cha simu, nikawapigia wenye huduma ya dishi Dar es Salaam. Muziki. Sauti ya kike ikaniambia kwa Kiingereza nibonyeze namba. Nikabonyeza, muziki tena, simu ikakatika. Ilipokatika mara ya tatu nilikuwa nimeshamtukana kila mtu wa Dar es Salaam. Mara ya nne akapokea kijana mmoja.

"Shikamoo mama. Uko karibu na dekoda?"

"Marahaba. Niko Kilosa, dekoda iko Msowero."

"Inatakiwa uwe mbele yake, mama."

"Msowero hakuna simu, mwanangu."

Akauliza kama picha ilipotea ghafla. Nikamwambia hapana, pole pole, ilianza na mvua. Lakini ni ng'ombe, nikaongeza.

"Ng'ombe wangelisukuma, ingepotea siku hiyo hiyo. Kuna miti mbele ya dishi?"

"Hakuna," nikasema haraka. Nilikuwa nimeshajua. Hakuna aliyekuwa ananitazama pale kibandani, lakini uso wote uliniwaka.

Kesho yake niliwasha jenereta, nikashika panga. Nilipoangusha mlonge wa tatu nikamsikia mtangazaji anaongea ndani. Mchana watu wakarudi, vikombe havikutosha. "Umeona, Mama Yunis?" wakaniambia. "Ng'ombe wameondoka, picha imerudi." Nikawamiminia chai. Sikusema neno, na kwa hilo sina la kujitetea.

Jumamosi jioni, mpira unaendelea, Nasieku mke wa Kimaren akaja mlango wa jikoni na kibuyu cha maziwa. Hakuwa ameleta tangu siku ile ya ofisini.

"Nimesikia picha imerudi, nimefurahi," alisema. "Nilikuwa naona aibu kuja. Hata na mume wangu tumegombana. Nilimwambia alikudanganya mbele za watu."

Nikaweka sufuria chini. Nikamweleza yote, milonge, simu, panga, nikimnong'oneza sikioni kwa sababu ya watu waliokuwa upande wa pili wa pazia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mbona unaninong'oneza?" aliuliza. "Ofisini ulisema kwa sauti."

Nikafungua pazia. Watu walijaa hadi mlangoni, Thadeo kwenye kiti cha mbele. Nikapita katikati yao nikazima televisheni.