Mabwawa Matatu Yaliyonyamaza

Karani wa kitivo alimshauri achague somo la kukaa. "Sheria, au historia," alisema huku akigonga meza kwa kalamu. "Biolojia ina maabara, ina safari za porini. Wewe binti utafanya nini huko?" Binti akajibu kwamba atasikiliza. Karani akacheka, akamwandikia biolojia kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Alikuwa haoni tangu surua ilipompitia akiwa na miaka minne. Wenzake darasani walimpa jina la Redio, maana mhadhara akiusikia mara moja tu aliweza kuurudia wote, pamoja na kikohozi cha mhadhiri. Lakini kwa miaka miwili, siku za kwenda kukusanya sampuli, yeye aliachwa bwenini. "Tutakuletea matokeo," walimwambia, na kweli walimletea.

Basi Dokta, mama aliyewafundisha ikolojia, alipotangaza mradi wake wa baiskeli, Redio alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Jozi nne zingesafiri, kila jozi kwa barabara yake: nyuma mwanafunzi mwenye ulemavu, mbele mwendeshaji asiye na ulemavu, baiskeli ya viti viwili, kilomita mia sita kwa siku kumi na mbili. Kila jozi ingesimama kwenye mabwawa kumi na nane, ipime maji na kunasa sauti za vyura. Bwawa likianza kufa, Dokta alieleza, vyura ndio hunyamaza kwanza. "Na wale wanaosema sayansi ni ya wenye macho na miguu," aliongeza, "tutawajibu kwa matokeo."

Mwendeshaji wa Redio alikuwa kaka yake, msambazaji wa mikate. Kila siku alitoka kiwandani na kreti sita nyuma ya baiskeli, mvua inyeshe jua liwake. Ndiye aliyemshika mkono kumpeleka shule ya msingi, na ndiye aliyewapiga waliomfichia fimbo yake nyeupe. Mama yao aliposikia habari za safari alikuna kichwa, akasema, "Mkianguka, angukieni upande wenye majani." Hiyo ndiyo ikawa baraka yake.

Siku saba za kwanza zilikuwa njema kuliko zote alizowahi kuishi. Kaka alimtajia kona, kilima, mbuzi katikati ya njia. Yeye alimtajia malori kabla hayajatokeza. Jioni walikaa ukingoni mwa bwawa, Redio akivaa spika za masikioni, akitoboa hesabu yake kwa nukta nundu, na kaka akikatazwa hata kutafuna kwa dakika ishirini.

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," kaka alinong'ona siku moja, "ila zinanizuia mimi kula."

"Hilo nalo limenaswa," Redio akasema. "Dokta atalisikia."

Kwenye bwawa la tisa alihesabu aina saba za vyura. Siku ya nane kaka akawa hasemi. Redio alipouliza mbona hamwelezi njia, akajibiwa kwamba njia ni ile ile. Bwawa la kumi na moja lilikuwa kimya. La kumi na mbili, kimya. La kumi na tatu, upepo mtupu. Kaka alimsomea namba za mahali, kama alivyofanya kila kituo, na Redio akaandika sifuri chini ya kila moja. Usiku ule hakula. Alikuwa amesoma habari za mabwawa yanayokufa, lakini hakuwahi kukaa kando ya maiti ya bwawa.

Waliporudi, sifuri zile tatu ndizo zilizobebwa na kila mtu. Mabwawa matatu mfululizo yamenyamaza, na aliyegundua ni msichana asiyeona. Mkuu wa kitivo, ambaye hakuwahi kumsalimu, alimwita ofisini akamkalisha kwenye kiti laini. Gazeti lilichapa picha ya baiskeli. Wafadhili waliahidi awamu ya pili, jozi ishirini. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, anayetembea kwa magongo, akaanza kufanya mazoezi kila asubuhi uwanjani kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Redio alimsikia akizunguka, akihema.

Wiki moja kabla ya kuwasilisha matokeo mbele ya wafadhili, alikaa maktaba kuchagua vipande vya sauti vya kuwasikilizisha watu. Alianza na bwawa la kumi na moja. Upepo. Nyuma ya upepo, mbali, bati lililolegea: likagonga mara mbili, likatulia, likakwaruza. Akafungua la kumi na mbili. Mara mbili, likatulia, likakwaruza. La kumi na tatu vile vile. Toka bwawa moja hadi lingine ni kilomita kumi na tano. Alirudia mara tisa, akitafuta pa kukosea, hakupata.

Alimkuta kaka uani nyumbani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiziba pancha.

"Kaka, lile bati lilikuwa wapi?"

"Bati gani?"

"Usinifanye mtoto."

Kisugulio cha pancha kikaacha kukwaruza mpira. Kaka akasema polepole kwamba goti lilimkatikia siku ya nane, kwenye kile kilima kirefu. Lilivimba likajaa kama boga. Hakuweza kuendesha hadi kwenye mabwawa. Alimzungusha taratibu kwenye njia za karibu na machimbo ya zamani ya mawe, akamsimamisha mahali pamoja mara tatu, penye dimbwi lisilo na chura, siku mbili, hadi goti lilipokubali tena. Namba za mahali alizisoma kwenye orodha ya mabwawa waliyopewa na Dokta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema turudi."

"Ningesema turudi."

"Ndiyo hivyo. Na wangesema nini? Kwamba walijua tangu mwanzo hamtaweza. Miaka yote hiyo wanakuacha bwenini. Nikasema hapana, si kwa sababu ya goti langu."

"Nilikaa pale nikalilia vyura," Redio alisema. "Na wewe ulikuwa unaniangalia."

Mama, aliyekuwa akianika nguo, alitua beseni akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Dokta. Dokta alisikiliza sauti zote tatu, akavua miwani. Redio aliisikia ikiwekwa mezani. "Ripoti imeshatumwa," alisema mwishowe. "Mwanangu, sikuambii useme uongo. Nakuomba usubiri. Wakishatia saini, tutarekebisha kwa barua. Wako vijana ishirini nyuma yako."

"Na mtu akienda huko kesho akawakuta vyura?"

"Nani ataenda? Miaka yote hii nani amewahi kwenda?"

Redio alikaa na neno hilo siku tano. Siku ya sita, mbele ya wafadhili na mkuu wa kitivo, alieleza vituo kumi na vitano, kisha akawasikilizisha bati mara tatu na kuwaambia lilikuwa nini. Hakumtaja kaka, alisema, "jozi yetu haikufika." Ukumbini hakuna aliyepiga makofi wala aliyeuliza swali.

Tangazo la kitivo lilibandikwa baada ya siku nne. Mwenzake mmoja alimsomea: mradi umesitishwa, kwa kuwa imebainika kazi ya uwandani haifai kwa washiriki wenye mahitaji maalumu. Neno goti halikuwamo, maana yeye hakulisema. Waliosema hawawezi walikuwa wamepata ushahidi, na ushahidi wenyewe aliwapa yeye.

Uwanja wa asubuhi ukawa kimya. Kijana wa magongo alimngoja nje ya maabara. "Dada, nakuheshimu," alisema. "Lakini ungenyamaza tu." Kisha magongo yakaondoka, moja baada ya jingine, na Redio akabaki amesimama hadi kengele ya kipindi.

Aliyemjia baadaye alikuwa Fundi, mwanafunzi wa fizikia asiyesikia, aliyezitengeneza baiskeli zote za mradi. Kwenye mradi alipakiwa kiti cha nyuma kama wenzake, ingawa macho na miguu yake havikuwa na dosari. Hakuna aliyefikiri kumweka mbele. Aliandika kwenye simu, nayo ikasoma kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka: "Mimi naona. Wewe unasikia. Baiskeli bado iko stoo na ufunguo ninao."

Waliondoka bila ruhusa, wakati wa likizo. Walikubaliana Redio akimgonga Fundi mgongoni mara moja, asimame. Mara mbili, kuna gari nyuma. Walianguka mara mbili, mara moja kwenye mchanga mwingi kabla ya kile kilima kirefu, na si upande wenye majani. Bwawa la kumi na moja lilikuwa na vyura wengi hata akashindwa kuwatenganisha. La kumi na mbili lilikuwa na aina tano. La kumi na tatu lilikuwa limefukiwa kwa kifusi, na watu walikuwa wakijenga ghala juu yake.

Redio alipeleka matokeo kwa Dokta, ambaye sasa alikuwa akipewa vipindi vya jioni tu. Dokta aliyapokea, akasema ni kazi safi, na kwamba kitivo hakiwezi kuyapokea kwa sababu safari haikuidhinishwa. Yakabaki kwenye droo.

Kaka hasambazi mikate tena. Goti aliloendeshea baiskeli siku nne zaidi baada ya kupasuka halikunjiki, na kiwandani wamempeleka kwenye kufunga mikate, anasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Miezi mitatu hawakuzungumza zaidi ya salamu. Jumapili moja, wakimenya viazi pamoja na mama, kaka aliuliza bila kuinua kichwa:

"Yule rafiki yako, alikupitisha vizuri kwenye ule mchanga?"

"Alituangusha."

"Pale unashika usukani legelege, ukiubana umekwisha." Akamenya kiazi kimoja, cha pili. "Na mlipofika, ulijuaje mmefika? Yeye hasikii, wewe huoni."

"Niliuliza watu," Redio akasema. "Kila bwawa niliuliza watu watatu, mmoja mmoja. Hapa panaitwaje, na maji yako wapi."

"Watatu?"

"Watatu."

Kisu cha kaka kilisimama. Kisha kikaendelea, polepole, na ganda likawa linaangukia kwenye beseni vipande vipande.