Salamu za Bi Mkubwa

Nyumbani kwetu Bi Mkubwa si mtu. Ni gari la dizeli lililokuwa la buluu hapo zamani, na mlango wake wa nyuma tunaufunga kwa kamba. Baba mkwe wangu alilinunua kabla hajaoa, ndiyo maana akalipa jina hilo, na mama mkwe akiulizwa hali hujibu kwamba yeye ni Bi Mdogo na anavumilia. Kwa gari hilo baba mkwe aliwapeleka sokoni wachuuzi wa mtaa wetu kila alfajiri, miaka nenda miaka rudi, mpaka macho yake yakaingia ukungu, akamkabidhi mume wangu ufunguo.

Enzi za baba mkwe safari haikuanza bila salamu. Akishaketi anashika usukani, anageuza shingo, na kumsalimu kila abiria peke yake: umeamkaje, mguu unaendeleaje, yule mtoto wa kikohozi amepona? Mimi nauza mayai, na wateja wa mayai huja mapema. Nilikuwa nasaga meno huko nyuma mpaka zamu yangu ifike, nijibu "salama, baba" kwa mkupuo mmoja. Mume wangu ni mtu wa haraka kama mimi. Alipochukua usukani, jambo la kwanza alilofuta ni hilo. Anaingia, anasema "Hamjambo wote!" na hapo hapo anapiga stata.

Basi asubuhi za baridi zikawa vita. Mchana Bi Mkubwa huwaka ukimgusa tu. Lakini alfajiri, kioo kikiwa kimejaa umande, anakohoa, anatoa moshi mweupe, ananyamaza. Unapiga tena, anakohoa tena. Kisha mume wangu anatoa kichwa dirishani na kusema lile neno ambalo mtaa mzima unalijua: "Jamani, tusukume."

Sasa nielewe. Mwanamke mwenye trei za mayai mapajani nashuka, nazipanga chini ya ukuta, nasukuma gari na mtoto mgongoni, likiwaka nakimbia kurudi kuchukua mayai kabla halijazima. Wenzangu wa mboga na viatu wanasukuma huku wananicheka. Nilimwambia mume wangu waziwazi kwamba niliolewa naye, sikuolewa na bampa.

Fundi aliitwa. Ni mtu mwema sana, ila hajui alfajiri inafananaje. Alikuja jua likiwa la utosi, akageuza ufunguo, gari likawaka.

"Gari zima hili," akasema. "Mnalisingizia."

Tulipomng'ang'ania akabadilisha betri. Baridi ikaja, tukasukuma. Akasafisha stata, tukasukuma. Akabadilisha chujio la dizeli, akamwaga oili nzito akatia nyepesi, akazipima zile plagi zinazopasha injini joto, akazikuta zote nzima. Tukasukuma.

Aliyekuwa akifurahi ni baba mkwe peke yake. Anaketi mlangoni na kikombe cha chai, anasikiliza stata inavyolalamika, anatabasamu.

"Hakukubali huyo," anamwambia mwanawe. "Gari lina moyo."

"Gari lina kutu, baba."

Furaha yake ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe tuliijua sote. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwa siku chache katika hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya milima, na baba mkwe alikuwa amepewa nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza. Asiyefika asubuhi, nafasi yake anapewa mwingine, naye atasubiri mpaka madaktari warudi tena, na hakuna aliyejua watarudi lini. Baba mkwe, mtu aliyewahi kushuka mteremko bila breki huku akiimba, alikuwa anaogopa kisu. Hakusema anaogopa. Alisema ameshaona vya kutosha, na kwamba dunia yenyewe haijabadilika sana. Kila gari lilipogoma, alihesabu kuwa Bi Mkubwa yuko upande wake.

Hapo ndipo nilipokuwa nachemka. Binti yangu alizaliwa ukungu umeshafunga, kwa hiyo babu yake hajawahi kumwona. Yeye ndiye aliyembandika jina la Kibogoyo, siku alipomtia kidole mdomoni akakuta fizi tupu. Alimjua kwa uzito na kwa kilio. Alikuwa anampapasa uso taratibu, paji, pua, kidevu, kama mtu anayetafuta swichi gizani, kisha ananirudishia na kukaa kimya. Kimya kile kilikuwa kinaniumiza. Nilitaka amwone mjukuu wake, na mwaka ule sikutaka kingine.

Asubuhi ya safari ilikuja na baridi ya kukata masikio. Mama mkwe akapanda na kikapu chake. Nikapanda na Kibogoyo, aliyekesha akitafuna bega langu na kunilowesha mate. Baba mkwe aliketi mbele, ndani ya koti la harusi yake, mdogo kuliko nilivyomzoea. Mume wangu akaingia mbio.

"Hamjambo wote!"

Akageuza ufunguo mpaka mwisho. Bi Mkubwa akakohoa, akatoa moshi, akanyamaza. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu stata ilianza kuvuta maneno kama mlevi, na mume wangu akaondoa mkono kabla betri haijalala kabisa. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wasukumaji wetu wote walikuwa vitandani, na mbele ya geti letu barabara inapanda. Mama mkwe ana goti bovu. Tungesukuma mimi na nani?

"Basi," alisema baba mkwe, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya mtoto aliyeambiwa hakuna shule. "Tumejitahidi. Turudi ndani tunywe chai."

"Baba, haturudi," nikasema.

"Mwanangu, Bi Mkubwa kakataa. Mimi ndiye ninayemjua. Nipeni usukani nimjaribu mara moja tu. Akinikataa hata mimi, turudi ndani, na habari za macho ziishe, asiniambie mtu tena."

Mume wangu alinitazama. Mama mkwe alinitazama. Nilijua anataka nini yule mzee: anataka gari ndilo liseme hapana, yeye asiseme. Lakini nilikuwa nimeishiwa ujanja.

"Haya, baba. Na akikubali?"

"Akikubali nitakwenda, na hamtasikia hata pumzi yangu."

Tukamshika mkono, tukamzungusha, tukamketisha kwenye usukani. Mikono yake haikuhitaji macho. Ilikwenda yenyewe kwenye ufunguo, ikaugeuza kidogo tu, ikatulia. Kisha akageuza shingo nyuma, kama enzi zake.

"Mama watoto, umeamkaje?"

"Nimeamka na mume mwoga."

"Goti?"

"Lipo. Linakusubiri upone ulikande."

"Mkwe wangu, mayai yamekuwaje wiki hii?"

Nilitaka kumwambia baba acha mayai, piga stata, wakati unakwenda. Sijui nini kilinizuia. Labda lile koti. "Hayakuvunjika mengi, baba," nikasema.

"Na wewe mdogo? Sikuoni, ila nasikia unatafuna kitu. Unamtafuna mama yako?"

Kibogoyo akapiga kelele moja. Baba mkwe akacheka, akamaliza kuugeuza ufunguo, na Bi Mkubwa akanguruma kwa mara moja hiyo hiyo, bila kikohozi, mpaka vioo vikatetemeka.

Ungemwona uso! Alikaa pale ameshika usukani wa gari lililomsaliti, mdomo wazi, koti limempanda mabegani. Mama mkwe alianza kucheka kwanza, akafuata mume wangu, na mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Hata yeye mwenyewe alishindwa kujizuia.

"Nimejiponza," akasema, akahama usukani kumpisha mwanawe. "Haya, twendeni." Na kweli, milima yote ile hatukusikia pumzi yake.

Tulifika kwa wakati. Wakamchukua. Alipofika mlangoni alininyooshea mkono, nikadhani anataka kuniaga, kumbe alitaka kumgusa Kibogoyo mguu. Akauminya kidogo, akaingia.

Kungoja ni kazi nisiyoiweza. Mume wangu alikuwa anarudiarudia kwamba Bi Mkubwa amemtambua mwenye naye. Mimi siamini gari linatambua mtu. Nikampigia fundi, aliyekuwa bado amelala, nikamweleza yote, pamoja na salamu.

"Subiri," akasema. "Mzee alifungua swichi kwanza, ndipo akasalimia, ndipo akapiga stata?"

"Ndiyo."

Fundi alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "Mama Mayai, basi salamu ndiyo dawa! Ukifungua swichi, zile plagi zinaanza kupata moto. Zinataka muda kidogo. Mumeo anapiga stata papo hapo zikiwa bado za baridi. Mchana injini ina joto lake, haihitaji kusubiri."

"Na mbona hukutuuliza?"

"Nitamuulizaje dereva mzima kama anangoja taa izime? Ipo taa ndogo ya njano hapo mbele, ina alama ya waya uliojikunja. Ikizima, unapiga."

"Haipo taa hiyo."

"Ipo."

Tukatoka mimi, mume wangu na mama mkwe mpaka garini. Hapo taa ilipotakiwa kuwa palikuwa na stika ya uso unaotabasamu, ya zile zinazokuja na sabuni, imepauka kwa uzee. Nikaibandua kwa kucha. Mume wangu akafungua swichi, na kitaa cha njano kikawaka.

"Nani alibandika hii?" akauliza.

Mama mkwe alikuwa anaangalia milima.

"Mama?"

"Mimi," akasema. "Kila alfajiri kilikuwa kinamkonyeza mume wangu. Kinawaka, kinazima. Jina la Bi Mkubwa nililivumilia. Kukonyezana mbele yangu, hapana!"

Tulicheka mpaka muuguzi akachungulia dirishani kutunyamazisha.

Kesho yake asubuhi walimfungua jicho. Kuna baridi iliyotukuta tulipolala pale uani hospitalini, usiniulize. Baba mkwe alitoka akitazama chini, anakanyaga kwa uangalifu, mkono juu ya jicho kuzuia mwanga, na hakutaka mtu amsemeshe kabla hajaketi. Aliketi mbele, upande wa abiria. Usiku tulikuwa tumemweleza habari za plagi na taa, akakataa kuamini. Alisema aliyemuuzia gari alimwambia ukishafungua swichi salimu watu kwanza, na yeye siku zote alijua ni adabu.

"Fungua swichi," akamwambia mwanawe. Taa ya njano ikawaka. Baba mkwe akaitazama, akageuza shingo nyuma.

"Mama watoto." Akamkazia jicho. "Umenenepa."

"Na wewe hujajiona kwenye kioo."

"Umependeza, nasema." Mama mkwe akageukia dirisha na kujifuta uso kwa ncha ya shuka. "Mkwe wangu. Kumbe una mwanya! Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza, baba," nikasema.

Kisha akamfikia Kibogoyo. Nilimgeuza mtoto, nikamsimamisha mapajani, nikamshika kwapani, uso wake ukawa mbele ya uso wa babu yake. Jicho lile jipya lilikwenda kwenye paji, likaja kwenye pua, likashuka kwenye kidevu, njia ile ile ya vidole. Taa ya njano ikazima. Mume wangu alikuwa na mkono kwenye ufunguo, na hakuugeuza. Mimi niliyekuwa nasaga meno kwa salamu ndefu niliomba hii isiishe.

Kibogoyo akamtazama yule mzee mwenye koti, akaona kitu cha kuchekesha, akapasua mdomo kucheka.

"Ngojeni," baba mkwe akasema, akasogea karibu. "Nani anamwita huyu Kibogoyo?"

"Wewe, baba."

"Nilikosea. Huyu ana jino."

Tukainama wote. Tuna macho mazima, tumekaa na mtoto huyu usiku na mchana, ametafuna bega langu mpaka likavimba, na hatukuwa tumeliona. Nikapitisha kidole kwenye fizi ya chini, nikakigusa kitu kidogo, kigumu, chenye ncha.

"Lipo," nikasema.

Mume wangu akapiga stata. Bi Mkubwa akawaka mara moja, lakini hakuna aliyemsikiliza.