Nzi Wakigoma

Klara alianza kazi kwenye mabwawa ya majitaka, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, akiwa na cheti cha maabara na sauti ndogo isiyovuka meza. Jambo lililomshinda kuamini wiki ile ya kwanza ni nzi.

Kila gari la kunyonya majitaka lilipofika, Mama Magesa, mhudumu aliyekaa pale miaka kumi na tisa, alidai kata moja ya uchafu kabla ya kitu kingine chochote. Aliumwaga kwenye bamba la saruji, akajishika kiuno, akangoja. Nzi wakitua, dereva aliruhusiwa kumwaga. Wakigoma, aligeuza gari.

"Mzigo wa chooni haukosi wageni," alisema.

Klara alicheka kimoyomoyo. Kicheko kilimwisha alipotembezwa. Bwawa la kwanza lilikuwa jeusi, likitoa mapovu kama uji jikoni. La pili lilikuwa kijani kama mlenda. Kwenye la tatu bata maji walielea na vifaranga wao. Hapakuwa na mashine hata moja. Vijidudu visivyoonekana vilikula uchafu wa mji mzima, mwani wa kijani ukavipa pumzi, na maji yakatoka taratibu kwenda mtoni, ambako kiangazi wanawake hufukua mchanga wapate ya kunywa. Mama Magesa alivichunga vijidudu vile kama mfugaji wa Kishapu na ng'ombe wake. Kijani kikififia kidogo tu, chakula hakikumpita kooni.

Jumanne moja, mama huyo akiwa ng'ambo ya mabwawa anafyeka magugu, Davis aliingia na gari lake.

"Dada wa maabara, mambo! Choo cha gesti hiki, lita elfu kumi. Nisainie basi, nina foleni ya wateja."

Klara aliona haya kumngojesha mtu. Akasaini kibali.

Davis alikuwa ameshaunganisha bomba Mama Magesa alipotokea na kata yake.

"Bhebhe, wewe! Nani kakuruhusu?"

"Mwangaluka, mayu," Davis alimwamkia kwa Kisukuma. "Leo wapimaji wako wapumzike. Dada ameshasaini."

Mama Magesa aliinama na kata. Alikinga matone yaliyovuja kwenye maungio, akayamwaga kwenye saruji. Yalikuwa ya kijivu, yenye vumbi laini kama unga. Wakangoja. Nzi waliokuwa wamejaa kwenye doa la gari lililotangulia hawakusogea hata mmoja.

Klara alichovya karatasi yake ya kupimia. Ikageuka buluu iliyokolea, rangi ambayo choo hakiwezi kuitoa. Yalikuwa maji ya mtambo wa kuchenjulia dhahabu, na dawa yake ya sumu ndani. Yakimwagwa, vijidudu vingekufa, na uchafu wa mji ungefika mtoni mbichi.

"Mama, nimesaini mimi," alinong'ona.

"Nimeona."

Davis alishika koki. "Kibali ninacho. Mkinizuia nampigia bosi wenu."

Klara alikwenda akachomoa mdomo wa bomba kutoka kwenye tundu la bwawa, akaukalia kwa sketi yake ya kazini.

"He! Dada, utaoga!"

"Mwaga," Klara alisema. Kisha akatoa simu. "Nampigia mimi. Bosi, shikamoo. Nimesaini gari bila kupima, kosa ni langu. Lina maji ya dhahabu... Ndiyo, nimelikalia bomba."

Bosi akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Davis, "Marahaba. Fungeni geti, asitoke. Nakuja na watu wa mazingira. Hiyo saini tutaizungumza ofisini."

Davis aliachia koki. Mama Magesa alifunga geti, akatia ufunguo kifuani, akarudi akikung'uta kanga.

"Sogea, mwanangu," alisema, akajibana kando ya Klara. "Bomba hili linatutosha wawili."