Shati Lisilowaka

Tangazo kwa bara la Afrika, kwa Ziwa Tanganyika na kwa wote wanaolinywa: Ijumaa iliyopita, katika ukumbi wa shule yetu hapa Uvira, sayansi ilizaliwa upya. Ilizaliwa ndani ya sufuria ya sombe, juu ya mbabula ya makaa, na mkunga wake alikuwa Noella wa darasa letu.

Mimi ni Michée, mwanafunzi wa interna, yaani bweni la shule, na nina dharau ya kutosha kuligawia darasa zima nikabaki na akiba. Noella alipata fungu lake siku aliyonifuata na kikapu cha malimau.

"Michée, ndugu yangu, nisaidie kukamua haya. Tutaandika majina yetu yote mawili."

"Mikono hii iko ya fizikia, Noella. Mambo ya jikoni, fanya weye."

Akafanya. Maji ya limau, sukari na kitunguu kilichopondwa, akavipika mpaka vikawa uji mweusi unaonuka kama keki iliyosahauliwa motoni. Akauyeyusha kwa maji, akauchuja kwa kitambaa, akabaki na kitu chenye rangi ya chai ya mgonjwa. Humo ndani, alisema, mna chembe za kaboni ndogo mno, ziitwazo nukta za kwanta. Wengine huzitengeneza kwa metali zenye sumu. Yeye alitumia malimau ya Runingu. Prefe Donatien, mkuu wa shule yetu, mtu anayepiga makofi hata umeme ukirudi, alipiga makofi.

Tatizo ni kwamba kitu kile kilifanya kazi. Shangazi yake Pélagie, anayebadilisha pesa karibu na mpaka, alimwazima taa ya zambarau ya kuchunguzia dola bandia. Siku ya majaribio Noella aliimulika chupa, nayo ikawaka buluu. Akadondosha maji yaliyolowekwa misumari yenye kutu, na ule mwanga ukafifia mpaka ukafa.

"Maji yakiwa na chuma, mwanga unazimika," alieleza. "Tunaweza kupimia maji ya tangi letu."

Watu wakaguna kwa heshima.

Ijumaa angekuja Profesa Octave kutoka Bukavu kuchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kwenye maonyesho ya mkoa kulekule. Mmoja tu. Noella alikuwa ameshasuka nywele za safari, jambo nililoliona kuwa kiburi. Nikaamua kumsaidia kuwa mnyenyekevu.

Sisi wa interna hupewa kila mwezi paketi ya sabuni ya unga, ya kufulia mashati meupe Jumamosi. Yangu humpa Franck, jirani yangu wa kitanda, naye hunipa mandazi. Shati langu, nililorithi kwa kaka yangu, naliosha kwa sabuni ya mawese ya bibi, na limekuwa na rangi ya jino la mvuta tumbaku. Sasa, siku ile ya majaribio, taa ilipompitia Franck, niliona kola yake ikiwaka buluu. Sabuni ya unga! Nikacheka peke yangu. Mwanga ni mwanga. Wajinga hawatajua tofauti.

Mwezi huu Franck hakuona unga. Niliuyeyusha, nikatia chai kidogo kwa ajili ya rangi, nikajaza chupa hadi shingoni ili povu lisipate nafasi, kisha nikaiweka mahali pa chupa ya Noella. Ya kweli nikaifungia ndani ya sanduku langu.

Profesa Octave aliingia amevaa koti zito katika joto la ziwani, akitiririka jasho kama mtungi mpya. Mapazia yakafungwa. Noella akawasha taa, chupa ikawaka, ukumbi ukapiga makofi. Nilikuwa wa kwanza kupiga.

Akadondosha maji ya misumari. Chupa iliendelea kuwaka. Akadondosha tena. Ikawaka kwa furaha.

"Binti, ulisema itazimika," alisema Profesa.

"Itazimika, Profesa."

"Minye naona iko inawaka tu. Ni taa nzuri ya kulalia. Mulete mwingine."

Watu wakacheka. Prefe Donatien akainamisha kichwa. Noella hakulia, na hilo liliniudhi. Alimwaga nusu ya chupa ndani ya ndoo, akaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akaitikisa. Povu likapanda. Akanusa.

"Limau haitoi povu," alisema. "Hii inanukia Jumamosi."

Kisha akateremka na ile taa, akaanza kutumulika sisi, safu kwa safu. Kila alipopita, mashati yaliwaka moja baada ya jingine, kama taa za wavuvi wa ndagala usiku usio na mwezi. Yalikuwa mazuri, nakubali. Akafika kwangu. Giza. Nilikuwa shimo lenye kichwa.

"Shati yako haijaona sabuni ya unga," alisema.

"Bibi yangu ananitumia ya mawese. Ni kosa?"

"Hapana. Unga wako uko wapi?"

"Nilimpa Franck, kama kila mwezi."

"Muongo weye!" Franck akaruka kutoka kitini. "Mwezi hii uliniambia panya walikula paketi! Minye nilikuhurumia, nikakupa mandazi ya bure!"

Ukumbi ulilipuka. Prefe Donatien alininyooshea mkono. Nikavua kiatu, nikatoa ufunguo wa sanduku, nikampa.

Chupa ya kweli ililetwa. Iliwaka. Noella akadondosha maji ya misumari mbele ya pua ya Profesa, na mwanga ukafa kimya kimya. Profesa akavua koti, akavuta kiti, akamwomba arudie.

"Ni yeye atakwenda Bukavu," alisema baadaye. "Lakini huyu kijana, kwanza atuambie sababu."

Nilikuwa na hotuba tayari, juu ya mzaha na ujana. Noella alikuwa bado ameielekeza taa kifuani pangu, na hotuba nikaiacha.

"Aliniomba nimkamulie malimau," nilisema. "Nilikataa. Halafu chupa ikawaka, na jina langu halikuwemo."