Kisiki Ndani ya Tangi

Kitanda kilikuwa kimeshashushwa ngazi, televisheni imeshavikwa blanketi kama mgonjwa, na gari la mizigo linapiga honi huko chini, ndipo Dalali alipokumbuka tangi. Alisimama katikati ya sebule iliyobakiwa na viti viwili, akalitazama jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekataa kuvuka daraja.

"Hili halibebeki," alisema.

"Sijakuomba ulibebe," mkewe akamjibu.

Mkewe alikuwa msusi. Watu walimwita Chanuo, maana chanuo halikumtoka kichwani. Hata akienda sokoni lilikuwa limechomekwa kwenye nywele kama kalamu ya karani. Yeye na Dalali walikuwa wameishi pamoja muda wa kutosha kuchokana bila kuchukiana. Sasa mume alikuwa anahamia upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye sebule kubwa na mtu wa kumsifu ndani yake. Hilo la mtu Chanuo alikuwa amelimeza. Lililomkwama kooni ni maneno aliyoachiwa mlangoni.

Tangi alilinunua Dalali, enzi zile nyumba zinauzika na yeye anataka wateja wake waone kwamba ni mtu wa vitu. Lilikuwa tangi la maji ya chumvi, lenye mawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na katikati tumbawe moja laini. Matumbawe ya namna hiyo hayana mfupa wa jiwe kama ndugu zao. Ukiyagusa ni nyama. Hili lilikuwa na umbo la uyoga: shina nene, na juu yake kichwa kipana kama sahani, kimeota vinyweleo vinavyochezacheza kwenye mkondo wa pampu. Mgeni akiingia haoni kingine. Hata chai hupoa mkononi mwake.

"Nitalirudia," Dalali alisema, mguu mmoja nje. "Ingawa sijui nitakuta nini. Wewe utaliua kabla mwezi haujaandama tena. Hiki si kichwa cha mtu, Chanuo, useme utakipaka mafuta king'ae. Hiki kinataka akili."

Honi ikalia tena, akashuka.

Chanuo alivuta kiti kimoja kati ya viwili, akakaa mbele ya kioo. "Umesikia?" akaliambia tumbawe. "Tunatakiwa akili."

Na kama vile lilikuwa linangoja mwenye nyumba aondoke ndipo limwaibishe mke, siku chache baadaye tumbawe lilijifunga. Vinyweleo vilizama ndani vyote. Kichwa kilinywea, kikawa rangi ya majivu, kikajivika utando unaong'aa kama nta ya mshumaa. Chanuo aliwasha taa, akazima taa, akagonga kioo kwa ukucha. Wapi.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia Shangazi. Huyu alikuwa shangazi yake Dalali, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo. Alikuja kufuata pasi iliyosahauliwa, lakini pasi hakuitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Limekufa."

"Halijafa, Shangazi."

"Mwanangu, mimi nimezika waume wawili. Maiti naijua."

"Wale walikuwa waume. Hili ni tumbawe."

"Litoe kabla halijakuozea humo ukakosa na samaki. Lo! Na alisema! Mtoto wa watu alisema kabisa!" Alikuwa ameshafika kwenye ngazi, simu sikioni, pasi kaisahau tena.

Chanuo alileta ndoo. Akakunja mkono wa blauzi, akatumbukiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akalishika lile tumbawe alitoe. Halikulegea. Lilikuwa na ugumu wa sikio la mtu. Akautoa mkono mtupu, akanusa vidole. Msusi huanza na pua. Kichwa chenye maradhi hukujulisha kabla hujakifumua. Na kitu kikifia majini, hakuna haja ya kuuliza jirani. Vidole vilinuka chumvi, basi.

Akairudisha ndoo chooni. "Waseme wanachosema," akajiambia. "Hutoki humu." Akachukua mkoba akaenda kutafuta duka.

Duka lilikuwa nyuma ya karakana ya matairi: chumba chenye joto la unyevu, matangi yamepangwa mpaka darini, taa za buluu, mapovu yananong'ona. Mwenyewe alijulikana kama Bwana Chumvi, kwa kuwa salamu yake kwa kila mteja ilikuwa moja.

"Chumvi yako ngapi?"

"Ya kwenye mboga au ya kwenye maneno?" Chanuo akamrudishia.

Mzee alicheka mpaka akaweka chini wavu. Kisha akasikiliza. Akauliza kama limelegea, kama linanuka, kama lina utando. "Basi linavua ngozi, mama. Haya ndiyo mambo yao. Hujifunga, wakanuna, wakavua kila uchafu uliowagandia, halafu wakafunguka wapya. Nusu ya wateja wangu huwatupa jalalani wakiwa wanaoga."

"Kumbe yuko bafuni!"

"Yuko bafuni. Mwelekezee pampu kidogo utando umtoke, ila usimsugue. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matupu yaliyochujwa. Chumvi haipai hewani, ukiongeza nyingine utawakaanga. Ukibadilisha maji, kidogo kidogo. Na tia mkaa kwenye kichujio, ule wa kuchujia, si wa jikoni. Matumbawe laini wana sumu zao. Hupigana humo ndani kimyakimya, wewe unaona uzuri tu."

"Kama mawifi."

"Mimi sijasema."

Kwenye tangi la chini Chanuo aliona uyoga wengi wadogo, kila mmoja na kijiwe chake, akauliza wametoka wapi. Bwana Chumvi akamwonyesha mmoja mkubwa. "Wote kwa mama huyu." Alipoona hasadikiwi, alimweka yule mkubwa kwenye bakuli la maji ya tangi, akavaa glavu, akachukua wembe, akamkata kichwa. Pigo moja.

"Umemuua!"

"Nimemnyoa. Kichwa kikifungwa vizuri kwenye jiwe kitashika, kitaishi. Na hiki kisiki kitaota kichwa kingine. Mara chache sana hukataa."

Chanuo hakutaka kuondoka mikono mitupu, maana aliyeambiwa ataua lazima anunue. Alichagua tumbawe jingine laini, la kijani, linalotambaa juu ya jiwe kama zulia. Alilichagua jinsi anavyochagua nywele za bandia, kwa kuinama na kutazama mizizi. Aliyakataa yenye mabaka meupe, akalikataa lililojaa ute, akachukua lililokuwa limefunguka lote. Nyumbani aliuacha mfuko aliofungiwa uelee juu ya maji kama alivyoelezwa mpaka joto likalingana, akawa anautilia maji ya tangi kikombe kwa kikombe, anaimba.

Uyoga nao ulitoka bafuni. Utando ulichanika ukaenda na mkondo, vinyweleo vikachomoza, na kichwa kikatanuka kupita pale kilipokuwa zamani za Dalali. Wateja wakaanza kukataa kusukwa saluni. Walitaka kusukwa sebuleni, mbele ya kioo, na walikwenda mjini wakisifu. Sifa zikamfikia Dalali, ambaye alikuwa ameshautangazia mji mzima msiba. Mtu aliyetangaza msiba hapendi maiti ipewe salamu.

Akaja, na Shangazi nyuma yake, na ndoo mpya nyeupe. Chanuo alikuwa anamsuka mteja, kichwa upande mmoja mistari, upande mwingine msitu.

"Nimefuata mali yangu," alisema Dalali.

"Mali yako ilikufa. Shangazi aliizika kwa simu."

"Macho yalinidanganya," Shangazi akasema, hana hata haya.

"Tangi baki nalo, mimi nimenunua jingine. Mawe baki nayo. Nautaka Uyoga. Niliununua mimi."

"Uliununua, ndiyo. Ukauacha, ukauombea na kifo."

Ikawa huyu anasema, yule anasema, na mteja wa nusu kichwa anageuza shingo huku na huku. Shangazi akapiga makofi. "Acheni kuchoshana! Kila kitu cha nyumba hii kiligawanywa, viti, sufuria, mpaka pazia. Na hili ligawanywe."

Alijua anachofanya. Nani atamkata kiumbe mzima? Mwenye huruma ataachia, na mwenye huruma anafahamika ni nani. Dalali naye akaelewa, akatabasamu. "Sawa kabisa. Ligawanywe."

Chanuo alifuta mikono kwenye khanga. "Sawa."

Akavaa glavu zake za kupakia rangi ya nywele. Akateka maji ya tangi kwenye bakuli, akautoa Uyoga na jiwe lake, ukajikunja. Akafungua wembe mpya.

"Chagua. Juu au chini?"

"Juu nini?"

"Kichwa au shina. Usije ukasema nilikupunja."

"Chanuo, utaliua!"

"Hiki si kichwa cha mtu, bwana. Kinataka akili. Juu au chini?"

"Sema juu, baba," mteja akadakia, "ndiko kwenye nywele!"

Dalali alitazama mlango, akamtazama shangazi yake, akautazama wembe. "Juu," alisema. Nani angechagua kisiki?

Wembe ulipita mara moja. Ute ulitoka, maji yakawa ya ukungu, kichwa kikajikusanya kama ngumi. Shangazi alijifunika mtandio usoni, akaacha upenyo wa jicho moja.

Chanuo alikitia kichwa kwenye ndoo nyeupe pamoja na maji, akaongeza kitu juu ya mfuniko. "Uzi wa kusukia. Kifunge juu ya jiwe, kwa kulegeza, usikinyonge. Chumvi yako ngapi?"

"Chumvi gani?"

"Haya. Nenda nyuma ya karakana ya matairi, kuna mzee atakueleza."

"Sifundishwi na msusi."

Shangazi mlangoni aligeuka, akakitazama kile kilichobaki juu ya jiwe, kifupi kama gumba. "Na wewe umebaki na nini sasa? Kisiki!"

"Shangazi, nimenyoa vichwa vya mji huu tangu sina mvi. Sijaona kilichokataa kuota."

"Cha mume wangu wa pili kilikataa," alisema Shangazi, akashuka ngazi.

Chanuo alikirudisha kisiki tangini, akabadilisha mkaa, akabadilisha maji kidogo. Kisiki hakikuonyesha lolote. Bwana Chumvi alikuwa amesema mara chache hukataa. Hakuwa amesema hakikatai kamwe. Alirudi kwenye kichwa cha mteja, akakosea mstari mmoja, ikabidi aufumue auanze upya. Lakini aliuanza.

Kichwa alichochukua Dalali kilitiwa kwenye tangi ambalo maji yake yalikuwa mapya, hayajakomaa, wala hakikufungwa. Pampu ilikivuta, kikakwama, kikaoza. Alirudi kuomba kipande kingine, akaambiwa apange foleni nyuma ya wateja. Hakupanga. Sebuleni kwake pale pa tangi pana televisheni sasa, na mtu wa kumsifu bado anamsifu. Mteja alimaliziwa kusukwa. Mistari miwili ilipinda na hakulalamika. Karakana ya matairi ilipanuliwa, Bwana Chumvi akahamishia duka mtaa wa nyuma. Samaki mmoja wa rangi ya chungwa alikufa kwa uzee. Shangazi alifuata pasi, akaondoka na kipande cha lile zulia la kijani, na siku hizi mgeni akiingia kwake huulizwa chumvi yake ngapi. Kisiki kilikaa na upara kwa muda, kikatoa ukingo, ukingo ukawa kichwa, kichwa kikaota vinyweleo. Kimeshanyolewa tena. Chanuo bado anasuka palepale sebuleni. Viti vimefika vinne.