Uzito wa Wakwe

1.

SHIRIKA LA NDEGE NJIWA MANGA
Abiria. Kukodi. Mizigo.

TANGAZO

Ndege zetu ni ndogo. Kila abiria atapanda mizani pamoja na mkoba wake. Karani atasoma uzito kwa sauti, abiria mwenyewe akisikia. Uzito ukizidi, mizigo itashushwa kabla ya abiria. Maiti husafirishwa kama mzigo.

Tunawatakia safari njema.

2.

Tangazo hilo alilitunga Tusekile mwenyewe, karani wa kaunta pale Dar es Salaam, na alijivunia jinsi lilivyonyooka. Hakumwonea mtu haya kwenye mizani yake. Alishampandisha bibi harusi na shela lake. Alishampandisha mheshimiwa mmoja aliyevuta tumbo ndani, akamwambia, "Pumua tu, mheshimiwa, mizani haidanganyiki," na ukumbi mzima ukacheka.

Alikuwa na mdomo, Tusekile.

Alikuwa.

3.

(Simu. Mumewe, Ambokile, anaongea na baba yake. Ya upande wa pili hayasikiki.)

"Baba, mama tutampeleka nyumbani kwa ndege, azikwe siku hiyohiyo... Ndiyo, ndege za kwao Tusekile... Mimi natangulia kwa basi na kina shangazi. Wewe na baba wadogo mtapanda na mama... Hapana, baba, usiwe na wasiwasi. Mkweo ndiye bosi pale. Atapanga kila kitu."

Tusekile alikuwa jikoni, akayasikia yote. Akaona fahari, katikati ya msiba. Hilo nalo linamuuma.

4.

Wewe unayesoma, labda kwenu mkwe na baba mkwe wanakaa kochi moja wakagombea rimoti. Kwa akina Tusekile, Wanyakyusa wa milimani, wale walioshika ya zamani, haiwi hivyo. Baba mkwe hatazamwi usoni. Jina lake halitamkwi. Akitokea njiani, mke wa mwanawe anaingia pembeni, anajifunika, anangoja nyayo zipite. Na ndugu za baba mkwe nao ni baba wakwe, wote.

Tangu aolewe, Tusekile hakuwahi kumsemesha mzee yule hata neno. Akiwa na jambo, alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akalifikisha. Likirudi jibu, lilirudi kwa njia hiyohiyo, mara nyingine na utani kidogo ulioongezwa njiani, maana mama yule alipenda kucheka.

Sasa yumo kwenye jeneza.

5.

Asubuhi. Kaunta.

Jozi tatu za viatu vyeusi zimesimama mbele ya mizani. Tusekile amejitanda khanga juu ya sare, na haoni zaidi ya viatu.

"Tunapanda hapa?" sauti moja inauliza. Haimuulizi yeye. Inauliza hewa.

Wao wapande, yeye asome. Kilo za baba mkwe, kwa sauti, mbele ya watu walioko kwenye foleni. Alihisi kama ameambiwa amvue mzee shati.

Akanyoosha mkono kuelekea ukumbi wa kusubiria, macho chini. Viatu vikapita pembeni ya mizani. Kwenye karatasi akaandika:

sabini

sabini

sabini

Utauliza, si angemwita Chaula, mpakiaji wa mizigo, asome yeye? Angeweza. Chaula alikuwa palepale nje, anakaza kamba. Lakini angemwambia nini? Kwamba mwanamke anayewapandisha waheshimiwa leo anaiogopa mizani?

Alimwonea Chaula haya. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna namna ya kulipamba.

6.

(Chini ya bawa la ndege. Kapteni Nuhu, rubani, mtu wa Pemba, ana karatasi mkononi. Wazee wameshaketi ndani.)

"Wale wazee watatu ndo sabini sabini?"

"Ndiyo, kapteni."

"Yule wa kofia peke yake anapita mia. Bibie, kule natua kwenye majani, kiwanja chenyewe kifupi. Washushe uwapime tena."

 

"Tusekile. Wapime, au nashusha mzigo."

"Shusha mzigo."

"Mzigo wenyewe jeneza."

"Najua. Litafuata na ndege ya mchana."

"Haya. Nenda kawaambie wenyewe. Hilo lako wewe, si langu."

Kapteni hakujua kwamba wenyewe ni wakwe wa Tusekile. Hakuna aliyemwambia. Angejua, huenda angepanda kuwaambia yeye, maana si mtu mbaya.

7.

Alikwenda. Tumpe haki yake, alikwenda.

Jeneza lilikuwa nyuma kabisa, upande wa pili wa kizuizi, na Chaula na wenzake walikuwa wanalitoa kwa mlango wa nyuma, wazee wasione. Tusekile akapanda ngazi za mbele. Akaviona vile viatu. Akajikaza.

Baba

Baba, mama

                              mama hatakwenda na

Neno halikutoka hata moja. Mzee mmoja akageuza uso dirishani, kumsitiri, kama inavyotakiwa.

Akashuka.

"Umewaambia?" kapteni akauliza.

"Nimewaambia."

8.

(Sauti. Kiwanja cha nyasi cha Ndobela, ndege imeshazima injini.)

Waimbaji, tulieni kidogo, mlango unafunguliwa.

Pole, mzee. Shika mkono hapa. Pole sana.

Mchungaji ameshafika, na kaburi liko tayari.

Vijana wa kubeba, njooni nyuma huku.

Fungua.

Mbona

Hebu angalia ndani kabisa.

Kapteni, mama yetu yuko wapi?

Si mliambiwa, jamani?

Tuliambiwa na nani?

9.

SHIRIKA LA NDEGE NJIWA MANGA
TAARIFA YA MZIGO ULIOBAKI

Aina: maiti, mmoja. Sababu ya kubaki: uzito. Kusafirishwa: mchana wa leo.

MAREKEBISHO: Safari ya mchana imeahirishwa kwa sababu ya mvua Ndobela. Ndege haitatua hadi kiwanja kikauke. Shirika linasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza.

10.

(Ujumbe wa Ambokile.)

Tuse mama yuko wapi

Kapteni anasema wewe ndo uliwaambia wazee. Ulimwambia nani

Baba amekaa chini kwenye nyasi. Mvua inamnyeshea hataki kuinuka

Pokea simu

Tusekile

11.

Ghala la mizigo. Jeneza limewekwa kati ya maboksi ya dawa na jenereta la mtu. Tusekile amelifunika kwa khanga yake mwenyewe, na amebaki kichwa wazi. Chaula amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada. Kumbe ulikuwa unawafahamu wale wazee?"

"Ni wakwe zangu. Na huyu ni mama."

Chaula akaingia ndani hatua moja.

"Si ungeniambia nisome mimi? Mimi pale si mkwe wa mtu."

Alisema kwa upole, bila kumlaumu, na upole huo ndio uliomchoma. Angemtukana ingekuwa afadhali. Mwanamke mwenye mdomo wake, anayejua kuwachekesha abiria, amemwacha mama wa watu ghalani kwa sababu ya haya. Ameona haya kwa wazee, akaona haya kwa Chaula, akamdanganya kapteni, na aliyelipia yote ni huyu aliyelala hapa, ambaye hakuwahi kumfanyia ila wema.

Simu ikalia.

Namba ya baba mkwe. Aliihifadhi tangu mwaka wa harusi na hajawahi kuipiga. Akadhani ni Ambokile ameazima simu ya baba yake, akapokea.

"Tusekile."

Hakuwa Ambokile.

Mzee hakuwahi kulitamka jina hilo. Alilitamka taratibu, kama mtu anayekanyaga mahali alipokatazwa kukanyaga. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Watu wote hapa wananiuliza mimi," akasema. "Na mimi sina wa kumuuliza isipokuwa wewe. Mama yuko wapi?"

Chaula akatoka nje, akarudishia mlango.

"Upo? Nakusikia unahema. Usikate, mwanangu. Nijibu mimi mwenyewe."

Tusekile akapiga magoti kwenye saruji, ingawa mzee hakuwa anamwona.

"Baba," akasema, na sauti ilikuwa ngeni hata kwake.

"Ndiyo."

"Baba, mama yuko hapa na mimi. Ni mimi niliyemwacha."